Kitufe cha maktaba kimegoma? Anza na upau wa anwani

Ujumbe ninaoupokea kuliko wote kwenye dawati la msaada una maneno mawili: "Haifanyi kazi." Simlaumu anayeutuma. Vifaa vya majaribio vikigoma havisemi vimegomea wapi, na mtu mwenye tasnifu ya kukabidhi Ijumaa hana muda wa upelelezi.

Nazungumzia vile vidubwasha ambavyo maktaba za vyuo vikuu huvitoa vikiwa bado vibichi: kitufe cha kivinjari kinachokupitisha kwenye makala za kulipia, kiendelezi (programu ndogo ya kuongezwa kwenye kivinjari) kinachoweka alama pembeni ya jina la kitabu ili ujue kama maktaba inacho, kihifadhi kurasa, na sasa visanduku vya kutafutia vyenye akili mnemba. Mmoja wa wazee wao ni LibX, kilichozaliwa chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, mwaka 2005. Walikianzisha mkutubi Annette Bailey na mhadhiri wa kompyuta Godmar Back, na mamia ya maktaba nyingine zikajitengenezea toleo lao. Ukiona leo kiendelezi cha maktaba yoyote kinachosema "chuo chako kinayo makala hii", wazo hilo lilipita huko.

Matatizo mengi kati ya haya yamejiandika juu ya skrini, kwenye upau wa anwani, mahali ambapo hapaangaliwi. Nitarudi huko mara kwa mara.

"Jana kilikuwepo, leo sikioni"

Uliza kwanza kama kifaa chenyewe kingali hai. Vya majaribio hufa, tena mara nyingi bila tangazo. Firefox toleo la 57, lililotoka Novemba 2017, lilikataa viendelezi vyote vilivyoandikwa kwa mtindo wa zamani, na watu wakaamka asubuhi hawana vitufe walivyovizoea kwa miaka. Chrome nayo ilianza mwaka 2024 kuvizima viendelezi ambavyo havikuhamia kwenye kanuni zake mpya. Maktaba iliyokuwa na kijana mmoja tu wa kuandika programu, na kijana mwenyewe akahama, ndiyo basi tena.

Fungua orodha ya viendelezi kwenye kivinjari chako. Ukikikuta kimezimwa na kando yake pameandikwa kwamba hakitumiki tena, usihangaike kukisakinisha upya. Tafuta mrithi wake kwenye tovuti ya maktaba.

Kwenye simu hali ni nyingine. Chrome ya Android haipokei viendelezi kabisa, kwa hiyo hakijapotea, hakijawahi kuwepo. Firefox ya Android inapokea. Opera Mini, ambayo wengi wetu tumeishi nayo kwa ajili ya kubana bando, ina tatizo lake: ikiwa kwenye hali ya kubana zaidi, ukurasa hupikwa kwanza kwenye seva za Opera ndipo ukaletwa kwako. Tovuti ya makala inaiona Opera, haikuoni wewe, na programu ndogo za ndani ya ukurasa zinapungukiwa nguvu. Kwa kazi ya maktaba, iweke pembeni.

"Kipo, nabonyeza, kimya"

Hiki kwa kawaida ni kitufe cha alamisho (bookmark), yaani alamisho ambayo ndani yake hamna anwani bali mstari wa programu unaoanza na neno javascript na nukta pacha. Mambo matatu hukinyamazisha.

La kwanza ndilo linalonipotezea muda zaidi: mtu ameunakili mstari huo akaubandika kwenye upau wa anwani ajaribu. Vivinjari vikubwa, kwa usalama, huliondoa lile neno la mwanzo unapobandika. Kinachobaki ni takataka, naye anaihifadhi takataka hiyo kama alamisho. Hariri alamisho, tazama mwanzo wa mstari, rudishia neno kwa mkono.

La pili, umebonyeza ukiwa kwenye kichupo kitupu. Kitufe hiki huchukua anwani ya ukurasa uliopo na kuigeuza. Pasipo ukurasa hakina cha kugeuza. La tatu, tovuti uliyopo imeweka sera ya kukataa programu za kigeni. Hapo huna la kufanya ila kunakili anwani na kuipeleka kwenye kisanduku cha proksi (seva ya chuo inayokupitisha kwa mchapishaji, nitaieleza hapo chini) kwenye tovuti ya maktaba.

Kwenye Chrome ya simu kuna ujanja usioandikwa popote panapoonekana: usiifungue alamisho kutoka kwenye orodha. Ukiwa kwenye ukurasa wa makala, gusa upau wa anwani, andika jina la alamisho, kisha uiguse inapojitokeza chini.

"Wananidai dola"

Simu iliita saa nne usiku. Mhadhiri mstaafu ambaye bado anasimamia wanafunzi, yuko kwake, mbali na chuo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kijana, hicho kidubwasha chenu kinanidai dola arobaini. Mchana nilikuwa ofisini, makala ileile nimeisoma bure."

"Nisomee kilichoandikwa juu kabisa, mwalimu, kwenye anwani."

Akasoma herufi moja moja. Ilikuwa anwani ya mchapishaji, tupu, haina dalili ya chuo ndani yake. Jibu likawa limepatikana.

Ukiwa chuoni mchapishaji anakutambua kwa namba ya mtandao wa chuo. Ukiwa nyumbani, namba yako ni ya kampuni ya simu, wewe ni mpita njia. Ndiyo maana pakatengenezwa proksi. Inayotumika sana ni EZproxy, aliyoiandika Chris Zagar, mkutubi wa chuo kimoja cha Arizona, mwaka 1999; OCLC, ushirika wa maktaba wa Marekani, wakainunua 2008. Kazi yake ni kusimama katikati: unathibitisha wewe ni nani, kisha yenyewe inakwenda kwa mchapishaji ikiwa imevaa namba ya chuo, inakuletea ukurasa, na kila kiungo ndani yake inakiandika upya ili ubofyo wako unaofuata nao upitie kwake.

Kwa hiyo anwani iliyopita kwenye proksi ina sura yake. Badala ya www.jstor.org, anwani ya hifadhi ya majarida iitwayo JSTOR, utaona kitu kama www-jstor-org.proksi.chuochenu.ac.tz. Zile nukta zimegeuka vistari, na mkia ni wa chuo. Vistari si urembo: cheti cha usalama cha proksi hulinda ngazi moja tu ya jina mbele ya mkia huo, na nukta zingeongeza ngazi.

Sasa soma anwani yako. Haina mkia wa chuo? Hukupita kwenye proksi, bonyeza kitufe. Ina mkia wa chuo kingine? Rafiki amekutumia kiungo alichonakili akiwa ameingia kwao. Futa mkia, rudisha nukta, anza upya na chako. Ina mkia mara mbili? Umebonyeza kitufe ukiwa tayari umo ndani. Ina mkia sahihi na bado unadaiwa? Hapo inawezekana kabisa chuo hakijalipia jarida hilo, au kimelipia kuanzia mwaka fulani na makala yako ni ya nyuma ya hapo. Hilo si hitilafu, ni bajeti.

Mwalimu alikuwa ametoka kwenye ukurasa wa proksi kwa kubofya kiungo kilichomo ndani ya faili la PDF. Proksi huandika upya viungo vya kurasa za wavuti. Vya ndani ya PDF haivigusi.

Kuna ujumbe mmoja unaowatisha watu, unaosema kwamba msimamizi wa EZproxy lazima kwanza aidhinishe jina la tovuti ndani ya faili liitwalo config.txt. Hujakosea chochote. Mchapishaji amehamia anwani mpya na maktaba haijaiongeza kwenye orodha. Unakili ujumbe wote na uutume maktaba. Kwa kawaida dawa yake ni mstari mmoja au miwili. Usijaribu mara ishirini.

Neno kwa wanaotumia Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi kama zetu majarida bure au kwa bei ya chini, ambao tawi lake la afya, Hinari, lilianza 2002. Ni lazima uingilie kwenye lango lake na ubofye kutokea hapo. Ukienda moja kwa moja kwa mchapishaji, hakujui.

"Msimbo wa kuthibitisha unakataliwa, na nimeandika sawasawa"

Tatizo hili nalipenda kwa sababu chanzo chake hakikisiki.

Ile programu ya simu inayotoa tarakimu sita za kuingilia hailetewi chochote na chuo. Inazikokotoa yenyewe kwa kuchanganya ufunguo wa siri na saa ya simu, na huzibadilisha kila sekunde 30. Saa ya simu ikipotoka kwa dakika kadhaa, tarakimu zako ni za wakati ambao seva haiutambui.

"Lakini saa yangu iko sawa!" Ndiyo, sura yake iko sawa. Nilipokea simu iliyotumika, imeletwa kutoka Marekani, ambayo kanda yake ya saa ilikuwa bado ya Pwani ya Magharibi. Mwenyewe alipoona muda haufanani na wa kwake, akazima kujirekebisha, akasogeza mishale kwa mkono hadi ikasomeka vizuri. Ndani, simu iliamini iko California, hivyo muda wa dunia inaoutumia kukokotoa ulikuwa mbele kwa saa kumi na moja. Tukaiweka kanda ya Afrika Mashariki, tukawasha kujirekebisha, msimbo wa kwanza ukapita.

Kompyuta ya zamani ambayo betri ndogo ya ubao mama imekufa hufanya vituko vya aina hiyo: kila ukiizima umeme inarudi miaka ya nyuma, na kivinjari kinakataa kila tovuti salama kwa madai kwamba cheti bado hakijaanza kutumika. Watu hudhani wamedukuliwa. Nunua betri.

"Kiungo kinanipeleka makala nyingine, au kinasema hatuna"

Kati yako na makala kuna mwelekezi. Mfumo huu, OpenURL, ulibuniwa na Herbert Van de Sompel chuo kikuu cha Ghent, Ubelgiji, mwishoni mwa miaka ya 1990, ukawa kiwango rasmi 2004. Hubeba taarifa za makala ndani ya anwani yenyewe: jina la jarida, juzuu, toleo, ukurasa, mwaka. Mwelekezi huzisoma na kutafuta ni wapi chuo chako kimelipia. Taarifa moja ikiwa na kosa, anakuelekeza kwa jirani.

Rudi tena kwenye upau. Anwani hiyo ndefu ya kutisha inasomeka: tafuta palipoandikwa volume (juzuu), issue (toleo), spage (ukurasa wa kuanzia). Kama juzuu limewekwa mahali pa toleo, sahihisha papo hapo na ubonyeze kuingia. Nimewaona wanafunzi wakishangaa kwamba jambo hilo linaruhusiwa.

Kama makala ina DOI, yaani namba yake ya kudumu ya utambulisho, achana na mwelekezi uanze na hiyo. Huanza na 10 na nukta, nawe huitanguliza doi.org. Kosa la kila siku: umenakili rejeo na nukta ya mwisho wa sentensi imekuja nayo, au mabano, au namba imevunjwa na mwisho wa mstari kwenye PDF. Ukitaka kujua kama mfumo wenyewe uko hewani, jaribu doi.org/10.1000/182, ambayo ni ya mwongozo wao wenyewe. Ikifunguka, ubaya uko kwenye namba yako.

Kwa vitabu, mkosaji ni ISBN, namba ya utambulisho ya kitabu. Tangu 1 Januari 2007 zina tarakimu 13, lakini vitabu vya kabla ya hapo vina 10, na baadhi ya vifaa vya majaribio hutafuta aina moja tu. Kugeuza ni hesabu ya darasani. Chukua 0306406152. Ondoa tarakimu ya mwisho, tanguliza 978, unapata 978030640615. Zidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa zamu, jumlisha: 93. Hadi kumi kamili inayofuata, yaani 100, panapungua 7. Basi namba ni 9780306406157. Na ukiona herufi X mwishoni mwa namba ya zamani, si kosa la chapa. Inasimama badala ya kumi.

"Nilihifadhi ukurasa, kumbe nimehifadhi mlango"

Perma.cc, kihifadhi kurasa, ilianzishwa 2013 na maktaba ya shule ya sheria ya Harvard baada ya watafiti Jonathan Zittrain, Kendra Albert na Lawrence Lessig kuonyesha kwamba nusu ya viungo vilivyotajwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani havikuwa vikifikisha tena kwenye kile kilichotajwa; kwa majarida ya sheria waliyoyachunguza, zaidi ya asilimia 70. Unaipa anwani, inakupa nakala isiyobadilika na kiungo kifupi cha kuweka kwenye tanbihi.

Malalamiko: "Nikifungua nakala naona ukurasa wa kuingia." Sababu ni kwamba anayekwenda kuupiga picha ukurasa ni seva yao, na seva yao haina neno lako la siri. Wewe uliona makala kwa sababu ulikuwa umeingia. Yeye kabisha hodi kama mgeni. Ukiipa anwani yenye mkia wa proksi ndiyo umeharibu zaidi, kwa kuwa msomaji wako naye atakutana na mlango wa chuo chako. Ipe anwani asilia. Kama ukurasa ni wa kulipia, pakia faili lako mwenyewe badala ya kuiachia seva.

Nakala ikijifanya ya faragha bila wewe kuomba, mara nyingi ni tovuti yenyewe iliyotangaza kwamba haitaki kuhifadhiwa. Tena fungua nakala uikague dakika hiyohiyo. Mwaka ujao ukurasa asilia huenda haupo.

"Neno la Kiswahili halipatikani, na naliona kwa macho yangu"

Hapa ndipo vifaa vya wenzetu vinapotuonea, maana vimefunzwa kwa lugha nyingine.

Anza na ng'ombe. Kile kialama cha juu kina sura zaidi ya moja: kilichonyooka, kama cha kibodi ya kompyuta, na kilichopinda, ambacho iPhone na programu za kuandikia hukiweka zenyewe. Kwa macho ni kilekile. Kwa mashine ni herufi mbili tofauti. Kitabu kimechapwa kwa kilichopinda, wewe umetafuta kwa kilichonyooka, unaambiwa sifuri. Jaribu vyote viwili. Jaribu na "ombe" peke yake, kwa sababu vifaa vingine vya kuchambua matini hulikata neno pale penye kialama, na baadaye utashangaa mbona neno "ng" linaongoza orodha yako ya maneno yanayojirudia.

Pili, viambishi. Mashine ya Kiingereza hukata mikia ya maneno. Sisi tunabadilisha vichwa. Ukitafuta "soma" haikuletei "wanasoma" wala "aliyesoma". Ungeweka nyota (*), inayosimama badala ya herufi zozote, mbele ya neno, ila vifaa vingi hukataa nyota ya mwanzoni. Kinachobaki ni kuandika orodha ya sura unazozitarajia na kuziunganisha na OR. Ni kazi ya punda, najua.

Tatu, tahajia za kale. Kiswahili sanifu kilianza kushughulikiwa rasmi mwaka 1930 kwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki. Vya kabla ya hapo kila mtu aliandika alivyosikia. Kamusi ya mmisionari Krapf ya 1882 imeandika Suahili. Ya Wajerumani itafute kwa Suaheli. Utendi jaribu pia utenzi. Utendi wa Tambuka, shairi refu la kale, huitwa pia Chuo cha Herekali. Majina ya watu yatafute kwa mpangilio wote wawili, kwani katalogi za ng'ambo hulazimisha jina la mwisho liwe la ukoo hata pale lilipo jina la babu.

"Rejeo zuri sana, ila halifunguki"

Kama limetoka kwenye kisanduku chenye akili mnemba, usianze kulaumu proksi. Tafuta kichwa cha makala kizimakizima ndani ya alama za kunukuu, kisha ijaribu DOI. Ikifungua makala ya mambo mengine kabisa, au ikisemekana haipo, rejeo limetungwa. Mwandishi anaweza kuwa wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaowezekana, na makala isiwepo. Mkutubi hawezi kukuagizia kitu ambacho hakikuandikwa.

"Chuo kizima kimefungiwa"

Nani kapakua? Mwanafunzi ameamuru programu imletee kila makala ya jarida usiku kucha, na mchapishaji, asiyeona watu bali namba ya proksi, amemfungia kila mtu. Oktoba 2010 JSTOR ilikikatia chuo kizima cha MIT, Marekani, huduma kwa siku kadhaa kwa sababu ya upakuaji wa namna hiyo. Ukitaka matini nyingi kwa uchambuzi, mwone mkutubi akuombee.

Ukishindwa, tuma hivi

Anwani yote, si nusu. Kivinjari gani, simu au kompyuta, chuoni au nyumbani, bando au Wi-Fi, na saa ngapi, kwa kuwa kumbukumbu za proksi nazitafuta kwa muda. Picha ya skrini usiikate. Watu hubakiza kisanduku chekundu cha kosa na kutupa upau wa anwani, ambao ndio niliokuwa nautaka.

Yule mwalimu siku hizi hupiga picha skrini ya kompyuta kwa simu yake. Inakuja imepinda, ina mwanga wa dirisha katikati na kidole pembeni, lakini anwani yote inasomeka. Yake namjibu kabla chai haijapoa.